Kengele ya Mama Agape

Wezi wa vyuma wa Mpanda walikuwa na yadi za kupeleka mali na yadi za kukwepa, na ya kukwepa kuliko zote ilikuwa ya Libérate, yule mama mwenye mizani kubwa kwenye njia ya Misunkumilo. Siyo kwamba alikuwa mtakatifu. Bei zake zilibana mpaka muuzaji akatoka jasho, na akikuona una haraka alizishusha tena. Lakini ukimletea kipande cha reli, au taruma, au hata msumari mmoja wa kushikilia reli, alikurudishia mkononi bila kukipima.

"Chuma cha reli hakina bei," alikuwa akisema. "Kina kifungo. Toka nacho."

Kanuni hiyo hakuitoa kwenye mahubiri. Alizaliwa Katumba, kwa wazazi waliokimbia Burundi na jembe moja na sufuria moja, na uraia wa Tanzania aliupata akiwa mtu mzima mwenye watoto wanne. Cheti chenyewe alikitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akautia kwenye kopo, kopo akalifungia sandukuni. Alijua kwamba mtu mwingine akikutwa na mali ya serikali ataitwa mwizi basi, lakini yeye ataitwa Mrundi mwizi, na hilo neno la mbele halifutiki hata ukishinda kesi. Alianza kwa kuokota rimu za baiskeli, akaja kwenye masufuria yaliyotoboka, akaja kwenye injini za mashine za kukoboa, na katika miaka yote ishirini na miwili hakuwahi kuitwa kituoni hata kutoa ushahidi.

Na vyuma alivijua. Alitembea na kinyundo kidogo amekifunga kwenye pindo la kitenge. Kipande kigeni kikija, alikining'iniza kwa kamba, akakigonga, akainamisha kichwa. Chuma cha kumiminwa kwenye kalibu kilijibu kama chungu. Chenye ufa kilikohoa. Kilichofuliwa kwa moto na nyundo kiliimba.

Cha kuimba kuliko vyote kilimjia miaka mitatu iliyopita, kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kutoka Sibwesa. Mwenye mkokoteni aliitwa Luhende, mfugaji wa Kisukuma aliyegeukia na mpunga. Chuma kilikuwa kirefu kumpita mtu, bapa, chembamba katikati, na kila ncha ina kichwa cha mviringo chenye tundu kubwa la kupita ngumi. Luhende alikuwa akikifunga nyuma ya ng'ombe kusawazisha tope la majaruba.

"Cha nini hiki?" Libérate aliuliza.

"Cha mashine ya Wazungu. Nilikikuta shambani siku nilipogawiwa."

Libérate alikizunguka mara tatu. Reli haikuwa. Taruma halikuwa. Alikwisha kuona treni mara nyingi stesheni, zile za dizeli, na hakuona mahali popote zilipovaa kitu kama hicho. Ndani ya yale matundu mawili mlikuwa na pete nene za brasi, na brasi ndiyo iliyomlegeza. Alinunua. Kabla jua halijafika utosini alikuwa amekwisha zitoa pete zote mbili kwa nyundo ya kilo sita, akaziuza na shehena ya brasi iliyoondoka siku hiyohiyo. Chuma kilichobaki alikining'iniza, akakigonga, akarudi nyuma hatua moja. Sauti ilitoka pale ikaenda mpaka kwa jirani wa tatu, na jirani wa tatu akatoka nje kuuliza kuna nini.

Kanisa lake halikuwa na kengele. Libérate alifanya hesabu zake. Chuma cha kufuliwa kingempa pesa ya wiki moja. Kengele ingempa jina. Akakitoa sadaka. Vijana wakakipaka rangi nyeupe na buluu, mzee wa kanisa Elia akakabidhiwa nyundo, na kuanzia Jumapili ile Misunkumilo nzima iliamshwa na kengele ya Mama Agape. Agape ni binti yake wa kwanza. Hata wasioingia kanisani waliiita hivyo, na wateja walimwongezea heshima kidogo, na mwenye heshima hupunguziwa.

Basi mwaka huu, maneno ya reli mpya ya kwenda Karema yalipopamba moto, ikaja barua kwa wanunuzi wote wa vyuma chakavu: Jumanne, saa tatu asubuhi, mfike kwenye makumbusho ya reli muoneshwe vitu msivyoruhusiwa kununua. Makumbusho yenyewe yalikuwa banda la zamani la mabati, ambamo mafundi wastaafu wa reli walikuwa wamelikokota garimoshi moja la mvuke lililotelekezwa porini, wakalisafisha kwa miaka sita.

"Mayu, wewe unakwenda kufanya nini?" alimtania Ngolo, mnunuzi mwenzake mwenye yadi karibu na mnada wa ng'ombe, aliyezoea kumwita mama kwa Kisukuma. "Si uwafundishe wewe?"

"Nakwenda kuangalia kama utazimia ukiona vitu vyako," Libérate alimjibu.

Walikuwa wanunuzi wanne. Mlangoni alikaa askari mmoja kwenye kiti cha plastiki, Afande Respicius, aliyetoka Tabora juzi na asiyejua mtu hapa. Aliyewaongoza ni mzee Hilari, fundi mfupi mwenye ovaroli iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Alipeana mikono na wote, akamfikia Libérate, akasema, "Mama, karibu. Angalia kwa macho, usiangalie kwa mizani."

Alichelewa. Libérate alikuwa amekwisha lipima garimoshi lote kichwani toka mlangoni: pipa la mvuke tani kadhaa, magurudumu tani kadhaa, mabomba ya kopa yale, taa ile brasi tupu. Lakini Hilari alikuwa mjanja kuliko alivyoonekana. Hakuwaambia habari za historia. Aliwaita mmojammoja waguse.

"Hesabu hizi ribiti," alimwambia Ngolo, akimwonesha vichwa vya misumari vilivyopangana kwenye pipa. "Kila moja ilipigwa ikiwa nyekundu, mtu mmoja ndani ya pipa, mwingine nje. Wa ndani alitoka kiziwi. Moja ikivuja, pipa linapasuka, dereva unamwokota kwa koleo."

Libérate alipitisha kidole. Alizoea kuona kazi ya uchomeleaji ya mjini, mshono uliojaa makamasi. Hapa alitafuta kosa kwa kucha, jinsi anavyotafuta ufa wa kumshushia muuzaji bei, akakosa. Alisogea, akatafuta tena, akakosa. Jambo hilo lilimshtua kidogo. Katika maisha yake hakuwahi kukutana na chuma kisicho na pa kushushia bei.

Wakafika upande wa kulia. Magurudumu matatu makubwa, na kati ya mawili ya nyuma kulikuwa na ubao mrefu uliochongwa na kupakwa rangi nyeusi.

"Hapa tumeweka ubao," Hilari alisema. "Mkono wa huku uliibwa porini, Mungu ndiye ajuaye lini. Mkono ndio unaofanya magurudumu yatembee pamoja. Bila huo, garimoshi ni kiwete. Njooni upande wa pili muone mzima."

Upande wa kushoto mkono halisi ulikuwa umefunguliwa ili upakwe grisi, ukaning'inizwa kwa mnyororo wa winchi. Mweusi, unang'aa, na kwenye kila kichwa pete ya brasi kama jino la dhahabu. Libérate aliutazama na kuuona mzuri tu. Hakuutambua, wa kwake aliuzoea una rangi ya buluu na hauna meno.

"Hii pete tunaiita bushi," Hilari alisema, na sauti yake ikashuka. "Hapa ndipo fundi anapojulikana. Mashine inakata, sawa, lakini ya mwisho ni tupa na mkono. Unapaka rangi kwenye mhimili, unavisha, unazungusha, unavua. Palipochukua rangi ndipo panapogusa. Unapangua kidogo, chini ya unene wa unywele. Unavisha tena. Bushi yangu ya kwanza nilikaa nayo siku kumi na moja. Msimamizi akaja na karatasi ya sigara, akaisukuma kati ya bushi na mhimili, ikapita. Akaitupa bushi kwenye pipa la takataka. Nikaanza upya, na sikulia, kwa sababu treni ikienda na bushi ile ingekula mhimili kabla ya kufika Kaliua."

Libérate alizitazama tena zile pete za brasi. Pete. Matundu mawili. Nyundo ya kilo sita.

Hakupata muda wa kumaliza wazo hilo, kwa sababu Hilari alichukua nyundo mezani. "Na hivi ndivyo tunavyoupima kama una ufa. Sikilizeni."

Akaugonga.

Sauti ilijaa banda lote, ikatoka kupitia mabati, ikarudi. Haikuwa sauti inayofanana. Ilikuwa sauti ileile. Ilikuwa Jumapili saa moja asubuhi, mama zima jiko, watoto vaa viatu, Misunkumilo inuka.

"Mana yanje," Libérate alimwita Mungu wake, kwa Kirundi cha mama yake, ambacho hukitumia akiungua tu.

Wanunuzi watatu waligeuka kwa pamoja wakamtazama. Ngolo, ambaye Jumapili hulala, alikuwa ameamshwa na sauti ile miaka mitatu. Hilari hakujua, yeye hukaa upande wa stesheni. Afande mlangoni hakujua. Alikuwa akisoma simu.

Sauti ilipokuwa inafifia, Libérate alikuwa anapiga hesabu. Akinyamaza, leo anarudi nyumbani. Lakini watu watatu wanajua. Kesho Ngolo ataleta mzigo mbovu na kusema, mayu, pima tu, sisi tunajuana. Kesho kutwa yule mwingine atakopa. Siku watakayokosana, mmoja atakwenda kwa afande, na hapo itakuwa Mrundi aliyeiba mkono wa treni na kuuficha kwenye nyumba ya Mungu. Sokoni alijifunza jambo moja mapema: ng'ombe kilema, mtaje kilema wewe kabla mnunuzi hajamzunguka.

"Mzee Hilari," alisema. "Huo wa pili ninao mimi."

Afande alishusha simu.

"Unao wewe wapi?" Hilari aliuliza.

"Kanisani kwetu. Ndiyo kengele."

Hapo Ngolo alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika gurudumu. Hilari hakucheka. Aliuachia ule mkono, ukabembea kwenye mnyororo, na ikabidi wengine wainame.

Afande Respicius alileta kiti chake, akakaa mbele ya Libérate, akafungua daftari. Alimuuliza jina, alimuuliza yadi, kisha akauliza lile Libérate alilokuwa analingoja.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Wa Mpanda. Mzaliwa wa Katumba. Cheti kipo, leseni ipo, na aliyeniuzia yupo hai, anaitwa Luhende wa Sibwesa. Mwite aje na ng'ombe wake."

"Miaka mitatu unauona kila Jumapili na hukujua?"

"Afande, miguu ya treni nimeiona leo tu. Hizi za dizeli zimevaa sketi."

Afande aliandika muda mrefu. Alisema ataufuata ukweli wa Luhende, na ukinyooka, na mkono ukirudi mahali pake ukiwa mzima, atafunga daftari. "Mzima," alirudia. "Nusu siipokei. Nakupa wiki tatu."

Walikwenda kanisani saa hiyohiyo kwa pikapu ya Ngolo. Mzee Elia alisimama chini ya kengele, mikono ameitanua.

"Hii imewekwa wakfu, mama. Kitu cha Bwana hakirudi gereji."

"Mzee Elia, Bwana hapokei cha wizi. Akikipokea, afande huyu atamwandikia naye maelezo."

"Na Jumapili tutaitaje watu?"

"Nitaleta ringi ya lori."

"Ringi ya lori! Kama shule ya msingi!"

"Ringi mbili."

Hilari hakuwasikia. Alikuwa amepanda juu ya benchi, anaupapasa mkono wake, anakwangua buluu kwa ukucha, na midomo inacheza. Kisha alitia vidole kwenye tundu la juu. Akainama, akatia kwenye la chini. Akashuka benchi taratibu.

"Bushi ziko wapi?"

Mtu anaweza kudanganya kuhusu bei. Libérate alidanganya kuhusu bei kila siku na kulala vizuri. Lakini mzee yule alikuwa ameuliza kama anayeuliza mtu alipozikwa.

"Nilizigonga nje," alisema. "Nikaziuza kwa kilo. Siku ileile."

Hilari alikaa kwenye benchi. Alimtazama, na kutazamwa kule kulimuuma kuliko daftari la afande. Kisha mzee aliuliza tu, "Ulizigonga na nini?"

"Nyundo ya kilo sita."

"Zilitoka kwa kugonga mara ngapi?"

"Nyingi. Zilikataa."

"Zingekataa," Hilari alisema. "Zilikuwa zimekaa."

Libérate alikuwa mtu wa vitendo, na wiki tatu ni chache. Kesho yake alichagua brasi bora yadini, bomba za zamani na visukuma maji vya pampu, akampelekea Celestin, mmiminaji wa masufuria aliyekulia naye Katumba. Celestin aliyeyusha, akamimina pete mbili nene. Libérate akazipeleka kwa fundi wa mashine ya kukereza mjini, akakesha naye akimhimiza, na siku ya nne alisimama mbele ya Hilari na bushi mbili zinazong'aa ndani ya kanga.

"Nimemaliza," alisema. "Visha."

Hilari alizivisha kwenye mhimili. Akatoa mfukoni kijikaratasi cha sigara, akakisukuma. Kilipita. Kilipita kama mtu anayeingia kwake.

"Si karatasi tu hiyo?" Libérate alisema. "Garimoshi lenyewe haliendi popote, mzee! Limekufa! Nani atajua?"

"Wewe umejua."

"Afande hajui."

"Afande nimempa karatasi yake. Anayo mfukoni."

Libérate alikasirika mpaka akatoka nje, akazunguka banda mara mbili, akarudi. Alimwuliza Hilari anataka nini. Hela? Hapana. Saruji ya sakafu? Hapana. Mzee alisema brasi ipo ya kutosha, zimiminwe upya zikiwa na tundu la kubana, lakini macho yake hayaoni tena rangi inapogusa. Anataka mtu wa kukaa na kumwambia pa kupangua.

Siku kumi na mbili Libérate alikaa kwenye kigoda kando ya garimoshi lililokufa. Binti yake Agape alisimamia yadi. Hilari alivisha, akazungusha, akavua. Libérate alisogeza jicho mpaka karibu na brasi, akatafuta doa la buluu dogo kuliko mbegu ya mchicha, akaligusa kwa njiti. "Hapa." Tupa ikapita mara moja, fyu. "Na hapa." Siku ya tatu shingo ilikataa kugeuka. Siku ya tano alianza kuyaona madoa kabla hajayatafuta. Siku ya nane Hilari alimpa tupa mwenyewe, akapangua mara moja, akazidisha, na kazi ya siku mbili ikarudi nyuma. Mzee hakumkaripia. Alipaka rangi upya. Libérate alimshangaa mtu huyu, na zaidi alijishangaa mwenyewe, kwa sababu jioni ile hakukumbuka kuuliza yadini wamenunua nini.

Siku ya kufunga, wanunuzi walikuja wote, na Luhende kutoka Sibwesa, amevaa koti, aliyekwisha mwambia afande habari ile bila kupindisha. Winchi iliunyanyua mkono, umesafishwa, mweusi. Ubao wa uongo ulitolewa. Mkono uliteleza kwenye mihimili yake miwili kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi.

Afande Respicius alitoa karatasi. Alisukuma juu. Haikupita. Alisukuma chini, pembeni, akailowesha kwa ulimi, akasukuma tena. Ilijikunja. Libérate aligundua kwamba ameshika mkono wa Ngolo, akauachia.

"Umetimia," afande alisema. Akaandika mstari mmoja, akampa Libérate kalamu atie sahihi, akafunga daftari.

Hilari alikuwa na kibao na chaki. Alikuwa ameandika: Mkono wa kulia. Ulirudishwa na Libérate wa Misunkumilo.

"Futa jina langu," Libérate alisema.

"Ni heshima, mama."

"Heshima hiyo inaanza na swali, aliupata wapi. Wateja wanasoma. Andika bushi zilitengenezwa na Hilari."

"Na macho?"

Libérate alifikiri. "Na macho ya kukodi."

Watu walipotawanyika, alibaki peke yake na ule mkono. Akafungua pindo la kitenge, akatoa kinyundo, akaugonga.

"Du," mkono ulisema, kama gogo.

"Mzee! Mzee Hilari, una ufa!"

Hilari alikuja mbio na ovaroli yake, akaugonga mwenyewe, akainama kuangalia bushi, kisha akamtazama yule mama mwenye miaka ishirini na miwili ya kusikiliza vyuma.

"Umeshikwa pande zote mbili. Utaimbia wapi?" alisema. "Na ukigonga tena mali ya serikali, maelezo nitakuandikia mimi."

Jumapili iliyofuata mzee Elia alipiga ringi za lori, zote mbili. Ng'ombe wa jirani walikata kamba. Ngolo alituma ujumbe kwenye simu kuuliza kama kanisani wanaita watu au wanafukuza ngedere. Libérate hakumjibu. Alikuwa yadini, hajavaa hata viatu vya kanisani, kwa sababu kijana mmoja wa baiskeli alikuwa amemletea kipande cha chuma asichokijua, na yeye alikuwa amekitundika kwenye kamba, anatafuta kwa kucha kama kuna mahali penye kosa, na hajapaona.

"Rudi nacho," alimwambia. "Kaniulizie kilikuwa mguu wa nani."